Usizikaushe kwa Mbabula

Nani alikuambia uzianike juu ya makaa?
Tazama. Ngozi imekakamaa kama makayabu ya sokoni,
hapa kifundoni imepasuka, mdomo mdogo,
unaniuliza swali
nami sina jibu ila sindano.

Kaa, Kayakez. Benchi hilo lina mguu mmoja mfupi,
egemea ukuta. Nje Kamalondo inamwaga vumbi lake jekundu
juu ya kila kilichooshwa asubuhi,
na buti za kupandia farasi si jambo la mtaa huu.
Mimi naletewa ndala, sandali, viatu vya shule
vilivyorithiwa na watoto watatu mfululizo.

Sasa sikiliza.
Jasho la farasi ni chumvi,
na chumvi hailali; ukilala wewe, yenyewe inatafuna.
Basi kabla ya chakula, kabla hujavua koti,
chukua kitambaa chenye unyevu
(unyevu, sikusema maji)
ufute upande wa ndani, pale ubavu wa mnyama ulipogusa.
Mishono uipe mswaki uliostaafu.
Kisha magazeti ya zamani: yakunje, yasukume hadi nchani,
habari zote za bei ya shaba zinywe maji,
uziache kivulini siku mbili.
Kivuli hakina haraka.

Na mafuta? Hebu ninuse.
Umepaka mawese.
Mama yangu! Mawese ni ya sombe!
Panya wa mtaa mzima sasa wanayo anwani yenu.
Tumia shahamu ya ng'ombe, kidogo, na nta ya nyuki,
uipashe kwa kiganja, si kwa moto,
uzungushe, uzungushe, mpaka ngozi ikatae.
Ikishiba hung'aa polepole,
kama mtu anayejizuia kucheka.

Lakini hiki kisigino.
Leta taa.

Mshono huu wa kwenda hatua mbili na kurudi moja,
uzi wa katani, nta nyeusi:
mjini hapa hakuna anayeshona hivi ila mimi,
na buti za namna hii nilizishona mara moja tu,
kwa mtunza farasi aliyekuja usiku akihema,
akasema, si zangu, za bosi,
ziwe tayari kabla ya saa kumi na moja.

Saa kumi na moja alfajiri!
Nikanyamaza, nikatia uzi sindanoni.
Wenye farasi huamka saa tatu.
Alfajiri uwanja ni wa yule anayezoa mavi.

Bosi akaenda zake Ulaya,
akaacha buti, akaacha farasi, akaacha deni la majani.
Muteba kila mwaka alipita hapa kununua nta,
hakuwahi kuniambia jina la mnyama.
Wewe unalijua?
Malakiti.
Haya. Malakiti.

Nilidhani amezikwa nazo.

Aliegemea kushoto, baba yako. Ona,
kikunjo cha kushoto kimechimba zaidi.
Na haya matambara ya kanga uliyoyashindilia vidoleni
ili zikutoshe, yatoe, yanashika maji;
nitakukatia soli ya ndani ya kizibo.

Ufa nitauziba. Kisigino nitakipandisha.
Ila mikunjo ya kifundo usiniombe niinyooshe.
Ngozi iliyovaliwa miaka kumi
haisahau pa kukunjia.
Mguu wako ndio utakaojifunza,
utachubuka wiki mbili,
halafu ama buti zitakufuata wewe
ama wewe utaanza kuegemea kushoto.

Elfu ishirini. Nusu sasa.
Njoo Jumamosi, na kama mvua inanyesha
usizivae kurudi nyumbani.
Zifunike kwa koti lako, uzibebe kwapani,
wewe ulowane.