Mguu wa Kushoto

Jumapili alfajiri, nyuma ya maghala ya Ruai,
mita mia nne za lami
zilizopimwa kwa kamba ya kuanikia nguo.
Baridi ya Julai. Kemunto anapuliza vidole,
vidole vile vile nilivyovifundisha kushika spana
pale Kirinyaga Road, akiwa na miaka kumi na saba
na ovaroli ya marehemu kaka yake.

Leo amekuja na gari la oto.
Nilicheka mbele za watu, sikuficha.
"Hilo ni la kupeleka watoto shule,
la mtu anayekula mahindi huku akiendesha."
Shikuku, mwenye tochi ya kuanzishia, akacheka pia,
ila Shikuku hucheka na kila mtu.

Langu lina gia za mkono, tano na ya nyuma,
na juu ya wenzo nimefunga mpira wa puli,
namba nane, mweusi, uliolainika kwa jasho langu
miaka ishirini na miwili.
Mahali klachi inaposhika napajua
kama mtu ajuavyo ngazi ya mwisho
ya nyumba yake, gizani.
Mshale wa mizunguko siutazami. Kiti huniambia.

Tuliwekeana: akishinda, mpira ni wake.
Nikishinda, arudi karakana kwangu.
(Hilo la pili ndilo nililolitaka,
hata kabla ya mashindano.)

Tochi ikawaka.
Ya kwanza: tairi zikalia, nikazibembeleza.
Ya pili: mkono na mguu vikaitikiana
kama wazee wawili wanaokunja shuka moja.
Nilikuwa mbele. Nawaambia nilikuwa mbele,
taa zake zimo kwenye kioo changu cha pembeni.
Ya tatu

goti.

Goti hili lililokanyaga klachi
Limuru hadi Mlolongo, foleni baada ya foleni,
lilichelewa muda wa kupepesa jicho,
na sanduku la gia likasaga meno
hadi waliosimama mbali wakashika mashavu.
Kando yangu gari lake likapita,
gia zikipokezana kimya kimya
kama kijiti mikononi mwa ndugu.
Waliosema haraka haina baraka
hawakuwa wamesimama pale mwisho wa kamba.

"Gari limekushindia," nilimwambia.
"Wewe ulikanyaga tu."

Alikuwa anafuta kioo. Hakugeuka.
"Mwalimu, sanduku hilo nimelifungua mara nne,
juu ya meza ya mama, Pipeline.
Vipande mia mbili na kitu,
kila springi imelazwa kwenye trei ya mayai.
Njia za mafuta nilizisugua kwa mswaki.
Kuna gololi moja, ndogo kuliko punje ya mahindi,
iliyoanguka chini ya kochi,
nikaitafuta kwa mshumaa, stima zimepotea,
mpaka adhana ya alfajiri.
Gia za leo nilizibadilisha usiku ule.
Hapa nimekuja kukaa."

Nikaufungua ule mpira, taratibu, kinyume cha saa.
Wenzo ukabaki na nyuzi zake wazi
kama jino lililovunjika.
Yeye hakuwa na pa kuufunga.
Akauweka pale pa kuwekea kikombe,
ukazunguka kidogo, ukatulia.

Gari langu lilikataa ya tatu, kisha likakataa zote.
Tulimwachia Shikuku alilinde,
nikapanda kwa Kemunto, upande wa abiria,
magoti yamebana, mikono haina kazi.
Kangundo Road ilikuwa tupu, mama mmoja tu
akiwasha jiko la chapati kando ya barabara.

Kila gia ilipobadilika
mguu wangu wa kushoto ulikanyaga zulia.
Aliona. Akazima redio.
Mwanzoni nilikuwa nachelewa.
Kufika Njiru, mimi na lile sanduku
tulikuwa tukienda sawa.