Komeo

Nimeileta ndani ya bahasha ya bili ya stima,
katikati ya kadibodi mbili isikunjike:
babu yangu, Nassoro Mwarizo, kanzu na kofia ya vito,
nyuma yake mlima wa rangi juu ya turubai,
na bunduki imemlalia kifuani kama mtoto mchanga.

Kwetu Majengo kila mtu anaijua.
Ndiyo iliyomwangusha ndovu wa Kasigau,
husema wajomba, na kila arusi
pembe za ndovu huyo huongezeka urefu.
Mimi nilitaka jina la bunduki tu.
Ndovu nishamchoka.

Mzee Kurbanali huuza makufuli na bawaba Ndia Kuu,
lakini baba yake alikuwa fundi wa silaha,
na yeye mwenyewe miaka kumi na tisa,
hadi leseni ikanyimwa mhuri.
Akafuta kioo cha kukuza kwa ncha ya shati, akainama.
Mteja akaulizia misumari ya inchi tatu,
akaambiwa arudi alasiri.

Usoni mwa babu hakutazama.
Alianza na kitako: "Mti wa mjozi. Hapa pana ufa,
umefungwa waya wa shaba. Ilianguka, au ilipiga mtu."
Halafu mtutu. Halafu pete ya mkanda,
imekaa mbele, mbali, si kama za Waingereza.
Vifyatulio viwili, kimoja nyuma ya kingine:
"Cha nyuma hunong'ona, cha mbele husema."

"Ni Mauza," akatamka.
"Iliuzwa lini?"
Akacheka mpaka miwani ikateleza.
"Mauza, mwanangu, ndilo jina. Ya Mjarumani,
ya kabla ya vita vile vya kwanza. Ya swara, ya kuro.
Ndovu ukimpiga kwa hii
atageuka akuulize una shida gani."

Nikaandika: Mauza. Nikadhani tumekwisha.
Akakirudisha kioo palepale, chini ya kiganja cha babu.

"Hapa pana tundu. Komeo halipo.
Bila komeo, bunduki ni bomba la maji.
Wazungu walikuwa na tabia hiyo:
mbebaji abebe, apigwe picha akitaka,
komeo li mfukoni mwa bwana."

Ndipo nikauona mkono ule, niliouona maisha yangu yote,
umekaa juu ya tundu
kama mtu anayefunika kiraka cha nguo mbele ya wageni.

Akanichorea pembeni mwa gazeti nielewe:
urefu wa kidole na nusu, mkono uliopinda,
mwishoni kirungu cha mviringo.
Nikalitazama.
Nikasikia harufu ya iliki.

Nyanya alikuwa na chuma hicho jikoni.
Alipondea iliki, alivunjia makungu,
alituonyesha tukikataa kwenda chuoni.
Hatukuuliza kimetoka wapi. Chuma ni chuma.

Nikampigia shangazi Mejumaa palepale dukani.
"Kile cha iliki? Niliuza. Mwaka juzi,
kwa mtu wa vyuma vikuukuu, pamoja na jiko bovu.
Alipima kwa kilo. Kwani?"

Kurbanali hakutaka hata senti.
Nje, jua la saa saba, nikaitoa tena bahashani.
Uso wa babu ni uleule, hausemi.
Lakini kanzu, mfuko wa kulia,
umevutika chini kidogo
kuliko wa kushoto.