Kona ya Kulia

Subeit kalileta gari Alhamisi, baada ya alasiri:
la viti viwili, jekundu, limeinama kama paka anayenusa,
injini nyuma ya mgongo wa dereva,
pahala ambapo mtu wa Wete angetia gunia la muhogo.
Kafunga mlango kwa vidole viwili.
"Fundi Mize," kasema, "mkia unanikimbia."

Sikumjibu. Mkia una mambo mengi.

"Tairi nimebadili. Mpya."
Nikapiga goti, nikasoma tarehe ubavuni.
Mpya dukani, kongwe duniani:
Raya, bintiye, ana miaka tisa, nazo zimemtangulia kwa miwili.
Mpira ukilala ghalani hivyo hugeuka sahani.
Lakini sahani huteleza kila upande,
na mimi upande nilikuwa bado sijauliza.

Barazani hukumu ilikwishatoka.
Mkasha kasema shokapu.
Omar Njugu kasema injini imekaa kinyume cha maumbile.
Mama mmoja aliyepita na ndoo kasema, bila kusimama,
pale Bahanasa pana mwenyewe.

Nikalikandamiza bodi nyuma kwa viganja vyote viwili.
Likashuka, likapanda mara moja, likatulia.
Mkasha akaondoka kwenda kunywa kahawa.

"Linateleza ukikanyaga mafuta, au ukiachia?"
Subeit akatazama viatu vyake.
Mwanamume hapendi kusema kwamba ameachia.

Raya alikuwa kakaa juu ya ngoma ya breki,
ubuyu umempaka midomo.
"Tukenda Chake," kasema, "baba husoma dua pale konani.
Tukirudi hupiga mbinja."

Nikaweka spana chini.

Kona ni ile ile, lami ile ile,
karafuu zile zile zimeanikwa ukingoni.
Ila kwenda hukata kulia, kurudi hukata kushoto,
na ukikata kulia gari zima hulalia
gurudumu moja, la nyuma, la kushoto,
kama wageni wote wa harusi kuegemea nguzo moja.

Nikatandaza mshipi kutoka kigingi hadi kigingi,
nikaazima rula ya shule ya Raya.
Mbele ya rimu, nyuma ya rimu: sawa.
Nikapima tena: sawa.
Kisha nikatia mtaimbo, nikauegemea kwa uzito wangu wote,
na uzito ninao, alhamdulillahi.
Milimita sita! Gurudumu likatazama nje
kama mume aliyesikia rafikiye akimwita dirishani.

Kwenye mkono wa chini, bushi:
haizidi kikombe cha kahawa,
mpira wake umechanika, umelegea, tende iliyokanyagwa.
Nikamwekea Subeit kiganjani.
"Ndiye huyu mwenyewe wa Bahanasa."

Nikamweleza. Ukiachia mafuta, uzito hukimbilia mbele,
mkia huwa mwepesi, naye huyu hugeuka atakako.
Unaogopa, unaachia. Unaachia, linateleza.
Kesho unafika konani umekwisha kuogopa toka nyumbani.
Akaigeuzageuza ile bushi, asiseme kitu.
Raya akamwomba amwachie, aifanyie muhuri.

Mpya ilikuja na meli siku ya kumi na tisa,
baada ya kuletewa moja ya lori
na nyingine ambayo hadi leo sijui ni ya nini.
Nikaifunga. Na tairi nikambadilishia, kwa ubishi.

Jana nimeliendesha peke yangu.
Pale konani, kwenda, nikaachia mafuta makusudi,
bila dua.
Uongo. Nilisoma moja, fupi.
Mkia ukafuata kichwa.

Wanawake wa karafuu hawakuinua hata nyuso.
Mwezi mzima majamvi yao walikuwa wameyasogeza
hatua kumi kutoka barabarani.
Leo nimepita kwa miguu, nimehesabu:
wamerudisha saba.
Tatu wamezibakisha.