Mgongo wa Skrini

Mbele, barafu inadondoka ndani ya bilauri ya bia,
na magari ya Hermosillo yanapunguza mwendo kuitazama.
Nyuma, ambako hapauzwi kitu,
Eduviges anafungua mlango wa bati kwa kitambaa,
maana kitasa kinaunguza.

Joto linatoka mbio
kama mtu aliyekuwa amefungiwa.
Mimi nashika ngazi. Kazi yangu ni hiyo,
na kuhesabu feni kwa sauti:
ya kwanza yazunguka, ya pili yazunguka,
ya tatu yazunguka kwa kunung'unika,
ya nne
haisemi.

Saa nane mchana, Julai. Kipimajoto chaonyesha sitini na nane.
Tangu asubuhi skrini inajififisha yenyewe, kidogo kidogo,
kama mgonjwa anayebana maneno
ili pumzi imfikishe jioni.
Ofisini wamepiga simu mara tatu:
wenye bia wanalalamika, barafu yao imekuwa kijivu.

Kizuri chajiuza, watu husema.
Hiki chajiuza kwa feni kumi na mbili.

"Si umeme," asema Eduviges. "Ni hawa."
Anachomoa chujio, analigonga ukingoni,
na nondo wanamwagika,
mamia, wakavu, wepesi kuliko majivu,
wengine wamesagika kuwa unga
unaomganda kwenye jasho la shingo.
Usiku kucha waliufuata mwanga.
Mwanga haukuwagusa.
Kilichowameza ni upepo wa kuupoza.

Anafunga feni mpya. Anapuliza matundu.
Anasubiri, kiganja juu ya bati,
kama apimavyo homa ya mtoto.
Sitini na moja. Hamsini na tano.
Huko mbele weupe unarudi, mkali, wa kuumiza macho,
dereva mmoja anapiga honi, si kwa ajili yetu.

Ile feni ya nne ameiviringisha ndani ya kitambaa.
Ndani ya gari anaisukuma kwa kidole:
inazunguka nusu, inasita, inazunguka.
"Mama hulala uani," asema, akitazama barabara.
"Betri kuukuu ninayo."
Kisha ananipa fomu na kalamu.
Nikaandika: *imekufa*.
Nikatia sahihi.

Juzi usiku nilipita mtaa wao.
Nyuma ya ukuta kitu kilikuwa kikikohoa kwa bidii,
na kando yake, bila aibu yoyote,
bibi mmoja akikoroma.