Mvutano

Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
saa nane za usiku, kituo cha kupasha maji,
Ulaanbaatar, mwisho wa bomba kuu.
Wa zamu tuko watatu: Gansukh wa makaa,
Bi Tsendsuren, aliyefundisha fizikia hadi chaki ikamwingia mapafuni,
sasa anasoma geji kwa miwani iliyofungwa uzi,
na mimi, mfungua valvu,
niliyeyaanzisha yote kwa swali la kijinga:

kwa nini maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi?

"Hayagandi upesi," akasema Bi, jicho hakuinua.
"Yanaganda," akasema Gansukh. "Mama alimwaga maji ya kuogea
nje ya hema, hata hayajatulia yakawa kioo."
"Mama yako alipima?"
"Mama yangu aliteleza."

Basi.
Tukatwaa vikombe viwili vya bati,
cha buluu tukakijaza kutoka birikani,
kilichobanduka ukingo tukakijaza bombani,
tukaviweka nje ya dirisha, bega kwa bega.
Bi akachora saa ukutani kwa msumari, juu ya masizi.
"Kila dakika tano mmoja atazame."
Tukaitikia, wote watatu, kwa dhati kabisa.

Nusu ya mji ilikuwa imelala juu ya maji yetu.

Gansukh hawezi kungoja akiwa kimya.
"Wanasema ulimwengu unatanuka," akaanza. "Mimi sikubali.
Sisi ndio tunaosinyaa. Mimi, wewe, hili koleo.
Rula nayo inasinyaa, ndiyo maana hatujijui."
"Na mwanga?"
"Nao."
"Na saa ukutani?"
"Nayo. Kila kitu, sawasawa."
Bi akavua miwani. Akivua miwani, jihadhari.
"Kila kitu kikisinyaa sawasawa, Gansukh,
hujasema neno. Umepumua tu."

Akaenda tanurini. Koleo la kwanza, la pili, la tatu.
Nikadhani amenuna.
Akarudi, uso mweusi, meno nje:
"Na kama si sawasawa?"
Bi akapiga meza, geji zikatikisika.
"Hapo sasa! Hapo unaweza kukosea.
Karibu. Vuta kiti."

Akavuta. Nami nikavuta changu,
kwani mvutano ule ule unaolaza makaa sakafuni
ulikwisha kutushika miguu.
Tukaenda mbali: kama jana ipo mahali fulani bado,
kama shimo jeusi lina upande wa ndani unaofaa kukaliwa,
kwa nini mkate ulioanguka hutafuta siagi yake,
kwa nini chuma huuma ulimi wakati wa baridi na ubao hauumi.
Hili la mwisho Bi alilijibu kwa sentensi mbili
na Gansukh akalikataa kwa ishirini.

Saa kumi na robo nikakumbuka vikombe.

Tulikimbia, tukagongana mlangoni.
Vyote viwili jiwe. Vyote viwili na kinundu katikati, kama kitovu.
Chini ya dirisha mbwa wa kituo amejikunja,
barafu kwenye sharubu, macho wazi:
yeye aliyaona yote.

"Asiyekuwepo na lake halipo," Gansukh akasema polepole.
"Hatukutazama. Basi hakuna kilichotangulia."
"Kimojawapo kilitangulia," Bi akasema. "Sisi ndio hatujui.
Hayo ni mambo mawili. Ukiyachanganya
nakurudisha darasa la saba."
Lakini alikigeuza kile cha buluu mkononi,
akakigeuza tena, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Zamu iliyofuata alifika na vikombe sita
ndani ya soksi ya mjukuu wake, kipimajoto,
na saa ya kengele yenye jogoo.
"Ili nikuonyeshe tu," alimwambia Gansukh,
"kwamba hayagandi."
Gansukh alikwisha kuweka birika motoni.