Nyuma ya Kadi ya Kliniki

Tumekaa jikoni Tukuyu, mvua ikigonga bati,
tunapanga safari nyuma ya kadi ya kliniki:
Gwakisa hutapika kona ya tatu, akae dirishani.
Pampasi kumi. Dawa za presha.
Choo je? Magoti ya Bibi hayakunjiki tena.

“Ngosi!” anasema Ambakisye. Tunamcheka:
nani atambeba Bibi mlima ule wenye utelezi?
Basi Matema, ziwani, kwenye mchanga tambarare.

Bibi Subilaga anamenya ndizi, hasemi.
Halafu: “Mnanihesabu pamoja na mizigo?
Huko nilishuka kwa miguu, kufuata vyungu,
mama yenu mgongoni,
na mvua hii hii.”

Kalamu imesimama juu ya neno choo.
Gwakisa, miaka minne, ndiye anayeuliza:
na vyungu tutaviweka wapi?