Bati la Biskuti

Bati lina kutu pembeni.
Ndani: vatu elfu sitini na moja na mia nne,
risiti mbili za siki, moja ya petroli,
na jino la nguruwe alilolipa Kalmasing faini
siku aliyokuwa hana kitu kingine.
Mimi ndiye ninayelilalia.
Kamati ya wanawake ilinichagua
kwa kuwa sina mume wa kunikopa.

Fomu ya mfadhili ina kurasa kumi na tisa.
Naijazia kilimani, kwenye uzi mwembamba wa mtandao,
simu nimeinyanyua kama mtu aombaye mvua.

*Taja walengwa.*
Naandika: pono. Nafuta.
Naandika: watu mia mbili na kumi na wawili.
Jana Leitangi kajifungua.
Nafuta tena.

*Mradi utaanza lini?*
Nacheka peke yangu, ng'ombe wanageuka kunitazama.
Ulianza kabla ya babu wa bibi yangu,
jani la namele lilipofungwa kwenye mti wa ukingoni
na kila mtu akajua, bila mhuri,
kwamba hapa mkono usiingie.
Naandika: Januari.

*Eleza tatizo. Herufi mia tatu.*
Tatizo lina mikono kumi na sita na miiba ya sumu.
Ni kiti cha pweza, na hakuna pweza athubutuye kukikalia.
Usiku hupanda juu ya tumbawe,
hutoa tumbo lake nje, hulifunika, huliyeyusha;
asubuhi pamebaki weupe wa mfupa.
Msimu uliopita tulitoa elfu moja na mia nane
kwa vijiti na magunia, wasichana wa darasa la saba wakihesabu.
Sindano moja ya siki yatosha kukiua.
Siki huja na meli. Meli huja mara moja kwa mwezi, ikipe

Herufi zimeisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wa mwaka jana aliogelea nusu saa,
akapiga picha, akasifu nazi,
akaondoka na ndege ya saa nane.
Hatujapona.

*Je, kuna upinzani katika jamii?*
Hapa simu inakuwa nzito.
Jumanne usiku niliona tochi ndani ya eneo lililofungwa.
Nilimjua kwa kikohozi chake.
Kaka yangu Tarimas,
majongoo bahari ishirini na wanane ndani ya ndoo,
na mnunuzi mjini anayelipa taslimu.
Nilisimama, maji yakinifika magotini.
Hakusema samahani. Alisema:
"Hao wafadhili wako watamlipia Anis ada?"
Mimi, mwenye bati, nikakosa jibu.
Tukawarudisha mmoja mmoja gizani,
yeye akinishikia tochi,
hakuna aliyemsemesha mwenziwe.

Asubuhi akatoa faini: nguruwe mmoja, mkeka mmoja.
Kamati ikabishana mpaka chai ikapoa,
ikapashwa, ikapoa tena.
Kisha Leimalas, asiyependa mtu, akasema,
"Fungua hilo bati."
Vatu elfu kumi na mbili. Ada ya Anis.
Mkopo, bila riba, na bila mwongozo wowote
katika kurasa kumi na tisa.

Naandika: *Upinzani upo. Unalala nyumba ya pili.
Umeomba kazi ya doria.*

Swali la mwisho:
*Fedha zikiisha, nini kitabaki?*
Swali zuri. Wameliweka mwishoni,
mahali betri hufika ikiwa asilimia nne.
Nafikiria weupe ule. Nafikiria, pembeni yake,
kijichipukizi cha rangi ya kunde nilichokiona Ijumaa,
hakizidi ukucha wa mtoto,
ambacho sijamwonyesha mtu
nisije nikakitia kijicho.

Naandika: *Sisi.*
Kisanduku kinadai herufi zisizopungua hamsini.

Naongeza majina. Leitangi. Leimalas. Anis. Tarimas.
Natuma. Kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Chini kule maji yameanza kutoka,
wasichana wananipungia,
na gunia moja bado lina tundu sijalishona.